Mfuko wa Mtama na Ukoo wa Baba

Niliuza sidiria za mitumba soko la Mkuyuni kwa miaka minane. Ninaweza kukwambia saizi ya mwanamke akiwa bado ng'ambo ya barabara. Wewe unamwona anakuja na kapu lake, mimi nimeshajua: huyu thelathini na nane, kikombe kikubwa, bega la kulia limeshuka kwa kubeba watoto upande huo. Sijisifu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo hicho ndicho cheti changu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Nguo za Ulaya zilikuwa zimefunguliwa mlango, na sisi ambao tulikuwa tumepanga foleni duka la ushirika kwa ajili ya kipande cha khanga tukajikuta tunakanyaga nguo chini kama majani. Belo la nguo likipasuliwa asubuhi, utasikia wanawake wanapiga kelele kama mpira umeingia golini. Wateja wangu wakubwa walikuwa wasichana wa viwanda vya minofu, wanakuja na mikono ya baridi inayonuka sangara, wanacheka, wanajipimia juu ya blauzi hadharani. Wengine mama zao hawakuwahi kuvaa sidiria maisha yao yote. Wao wananunua tatu kwa mpigo, na moja lazima iwe nyekundu.

Katikati ya raha hiyo titi langu la kushoto likaota kitu kigumu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja.

Habari hii naiandika na wenye makosa nitawataja, kila mmoja kwa kazi yake au kwa undugu wake, maana majina nimeamua kutoyaweka. Wanaojijua watajijua.

Wa kwanza ni bwana mmoja wa zahanati ya uchochoroni, ambayo siku hizi haipo. Chumba chenyewe mwaka uliotangulia kilikuwa kinauza mafuta ya taa, na harufu ilikuwa bado. Alivaa koti jeupe, akanibonyeza kwa kidole kimoja, akasema, "Maziwa yameganda, mama. Ulimwachisha mtoto haraka." Mtoto wangu alikuwa na miaka sita! Nikamwambia. Akasema, "Basi yameganda kwa muda mrefu." Miezi mitano alinichoma sindano na kunipaka dawa nyekundu. Siku niliyofika hospitali kubwa ya kilimani, titi lilikuwa limeingia ndani kama embe lililokanyagwa, na daktari hakuniuliza maswali mengi. Likakatwa.

Wa pili ni mume wangu, aliyeondoka kabla nyuzi hazijatolewa. Huyu simpi sentensi nyingine.

Wa tatu ni soko zima. Waliamua kwamba ni sidiria. "Zimevuliwa maiti hizo," alisema jirani yangu wa meza, muuza maharage, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabucha. "Wazungu wamekufa kwa kansa, wewe unavaa kansa yao, unatuuzia na sisi." Wiki ile sikuuza hata moja. Nikamuuliza, "Na wewe hilo sweta ulilovaa limevuliwa nani? Malaika?" Akalivua pale pale akalitupa, jioni nikamwona amelivaa tena, baridi ya mvua ilikuwa imemshinda.

Wa nne ndiye mwenye habari hii: shangazi yangu, dada yake marehemu baba.

Kwetu ni Magu, wakulima wa pamba na mpunga. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, Mkerewe, alitolewa Ukerewe kwa mtumbwi akaja kuolewa Usukumani akiwa hajui hata kukamua ng'ombe. Mke wa pili, Msukuma wa pale pale, alizaa binti mmoja kisha akafariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama akamchukua yule mtoto akamlea pamoja na sisi. Huyo ndiye mdogo wangu ninayemsema humu. Baba mmoja, mama wawili, mkeka mmoja.

Baba alipofariki, shangazi ndiye aliyeshika boma. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja kuniona Mkuyuni wiki ya tatu baada ya kukatwa. Nikajikongoja kumsalimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakukaa. Alitazama kifua changu, halafu akamgeukia mama aliyekuwa amekuja kuniuguza. "Unaona? Mdogo wako si alikufa kwa donda la titi huko kisiwani? Umetuletea. Kaka yangu alikulipia ng'ombe, wewe ukaja na ugonjwa ndani ya damu."

 Mama yangu alikuwa na tabia moja ya kunichosha, akitukanwa anaokota kitu cha kufanya. Siku ile aliokota sufuria safi akaenda kuisugua tena.

Na ni kweli, hapo ndipo paliponiuma: mama mdogo wa Ukerewe alikufa hivyo hivyo. Kwa hiyo moyoni nami nilianza kumtazama mama kwa jicho la pembeni. Naandika hili ili na mimi nihesabiwe kati ya wenye makosa. Ni wa tano.

Miezi minne baadaye mama alishuka kwenye basi la Magu na mkeka, kibuyu cha maziwa na mfuko wa nailoni wenye nguo zake. Shangazi alikuwa amemwondoa. Sababu? Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba, kijana mpimaji mizani kwenye kinu kimoja cha pamba cha watu binafsi, na watu wa kwao walikuwa waje kuchunguza. Kwetu huwezi kuoa hivi hivi. Wanatumwa wanawake wazima wawili, wanakaribishwa, wanakula, na huku wanakula wanauliza: kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna mtu anayetajwa kwa uchawi? Na siku hizo walikuwa wameongeza: kuna magonjwa haya mapya? Shangazi hakutaka wakute pale Mkerewe wa donda la titi. Alikuwa amepanga maneno yake vizuri. Binti ni wa mama mwingine, damu yake haina doa, ugonjwa ulikuja na yule mke mkubwa na umeondoka naye.

Nilikuwa na kliniki wiki ile. Daktari wangu alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye mikono mizito. Alipokuwa ananibonyeza kwapani nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni.

"Daktari, mama yangu ndiye amenipa ugonjwa huu?"

"Kwa nini mama?"

"Si ndiye mwenye matiti."

Alisimama akacheka mpaka nesi akachungulia. "Na baba yako alikuwa nini? Mti? Mtoto anachukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Baba mwenyewe ni nadra kuugua titi, ingawa wapo wanaume wanaougua. Lakini anaweza kubeba kitu cha kwao, cha mama yake, cha dada zake, akakupitishia wewe bila yeye kuumwa hata siku moja. Ulimuuliza mtu habari za upande wa baba?"

Nikaketi kitandani wima, blauzi iko mkononi. "Yaani shangazi zangu wanahesabiwa?"

"Wanahesabiwa sawasawa na mama zako wadogo. Kawaulize. Halafu sikiliza, unaweza usipate mtu hata mmoja upande wowote. Wengi wanaougua hawana ndugu aliyeugua."

Hayo ya mwisho sikuyasikia. Niliteremka kile kilima nikikimbia, mimi mtu wa titi moja, mkono mmoja umeshikilia bega. Shangazi wanahesabiwa! Miaka yote ukoo mzima ulikuwa umehesabu nusu tu ya watu.

Hapa niruke mbele kidogo, maana jambo lenyewe nililielewa vizuri baada ya miaka mingi sana. Kuna binti mmoja daktari, mdogo kuliko mwanangu, alitukalisha kliniki sisi tuliopona akatueleza. Alisema zamani watafiti waligundua vitu vya kurithi vyenye nguvu, vinavyobebwa na watu wachache, na mwenye navyo yuko hatarini sana. Lakini baadaye watafiti wakaona kuna tofauti nyingine ndogo ndogo ndani ya miili yetu, nyingi mno, za kawaida kabisa. Mimi ninazo, wewe unazo, mama muuza maharage anazo. Kila moja inaongeza hatari kidogo sana, au inapunguza kidogo sana, kiasi kwamba yenyewe peke yake huwezi kuihesabu. Unarithi baadhi kwa baba, baadhi kwa mama, na dada yako wa tumbo moja anapata mchanganyiko wake tofauti na wako. Tena ukizikusanya zote, bado haziamui kila kitu.

Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi nilisimama. Nikamwambia, "Binti, hiyo ni sidiria ya mtumba!" Wakacheka, lakini nilikuwa namaanisha. Hakuna sidiria ya mtumba isiyo na kasoro. Hii lastiki imechoka kidogo. Ile kulabu moja imelegea. Nyingine uzi wa pembeni umeanza kuachia. Kasoro moja haiangushi titi la mtu, utaivaa mpaka ikuchoshe. Ila lastiki ikichoka, na kulabu ikalegea, na mkanda ukanyooka, na juu ya hayo ukaivaa siku ya kukimbilia basi, ndipo inakuachia katikati ya watu. Sasa niambie kulabu ipi ndiyo mkosaji. Yule binti akasema, "Mama, naomba nitumie huo mfano." Nikamruhusu. Lakini ningalijua hayo wakati ule, nadhani nisingeyataka. Wakati ule nilitaka mkosaji mwenye miguu.

Nirudi Mkuyuni. Baada ya kukatwa niligundua tatizo la kazi yangu mwenyewe. Ukiweka kitambaa ndani ya sidiria upande mtupu, kitambaa ni chepesi, bega linapanda, mkanda unateleza, na kila mwenye macho anajua. Titi lina uzito wake. Nikajaribu pamba, nyepesi. Nikajaribu mchanga, unavuja. Mwisho nikashona mfuko wa kitambaa laini, wa umbo la titi, nikaujaza mtama mwekundu niliokwisha kuukaanga ili usiote na usiingie wadudu. Ulikaa kama umezaliwa pale! Nilitembea kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, nikitikisa mabega kama mcheza ngoma, nikamwambia mama, "Tazama, mama! Tazama!" Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe.

Habari zikatembea. Wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja, wanazunguka meza kama wanatafuta kitu kingine, halafu wanainama, "Nasikia unashona ile." Sikujua tuko wengi namna ile. Mke wa mwalimu. Muuza dagaa. Mama wa kanisani mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya. Wote nilikuwa nawajua, na pamoja na cheti changu chote kile sikuwa nimeona.

Siku moja akaja mwanamke muuza mchele kutoka Magu, ambaye sikumfahamu. Akatoa kipande cha kamba ya katani chenye mafundo. "Vipimo vya mtu," akasema. "Fundo hili ni kuzunguka kifua. Hili ni bega mpaka titi. Hili ni titi lililobaki. Lililokatwa ni la kulia."

"Aje mwenyewe nimpime."

"Haji. Usiniulize zaidi, dada, nimeapishwa."

Nikashona mfuko, nikachagua na sidiria yake. Kwa kipimo cha kamba nilijua ni mtu mrefu, mkavu, kwa hiyo mkanda wa kulia nikauongezea kipande cha pili usiteleze. Uzi mweupe ulikuwa umeisha. Nikatumia wa kijani.

Basi. Siku ya wachunguzi ikafika, na shangazi akaniita Magu kupika, maana wageni wa namna hiyo hupikiwa vizuri na boma lilikuwa halina mwanamke mwenye mkono mwepesi kuliko mimi. Nilitaka kukataa. Mama ndiye aliyesema nenda, mtoto wangu anaolewa. Alimwita "mtoto wangu". Nikaenda.

Shangazi alinipokea mlangoni. Sijamaliza shikamoo, akasema, "Utakaa jikoni. Usitoke toke. Wakikuuliza, wewe ni jirani."

"Jirani wa nani, shangazi?"

"Jirani wa hapa. Unataka mdogo wako aachwe?"

Nikaingia jikoni, jirani mimi. Mdogo wangu alikuwa anachambua mchele, amesuka nywele mpya, uso unang'aa kama amepakwa samli. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka mtama ukalia kifuani, tukacheka wote. Alikuwa anampenda yule kijana wa mizani. Aliniambia jinsi anavyopiga mluzi akipita njiani ili yeye ajue, na jinsi alivyomletea sabuni ya kunukia ndani ya gunia la pamba.

Wageni walifika kabla jua halijawa kali. Wawili: mama mkubwa wa yule kijana, mnene, mwenye macho ya kuzunguka zunguka, na mdogo wa huyo mama mkubwa, kimya, mwenye meno mazuri. Wakaketi kwenye mkeka uani, chini ya kivuli cha paa, hatua chache kutoka jikoni. Nilikuwa nawaona kupitia mlango. Shangazi akainama na birika kuwamiminia maji ya kunawa. Gauni lake lilikuwa la shingo pana. Alipoinama zaidi, mkanda wa sidiria ukatoka begani, wa kulia, wenye kipande cha pili.

Uzi wa kijani.

Mwiko ulinianguka kwenye majivu. Sitaficha: niliona furaha. Furaha ya kweli, ya kupanda kutoka magotini. Nilitaka kuruka juu ya moto. Dada wa baba yangu, tumbo moja na baba yangu, kakatwa! Alikatwa wapi, lini, kimya kimya namna hiyo, wakati ananyoosha kidole Ukerewe! Mama yangu amelala Mkuyuni kwenye chumba kimoja na mabelo ya mitumba kwa ajili ya ugonjwa ambao huyu ameuficha ndani ya gauni.

Nikamvuta mdogo wangu nyuma ya ghala. Maneno yalikuwa yananigongana mdomoni. Nikamweleza kamba, mafundo, uzi, maneno ya daktari kwamba baba naye anapitisha. "Nimemkamata!" nikamwambia. "Leo mbele ya wageni wake anavua uongo. Mama anarudi nyumbani leo hii!"

Yeye hakuruka. Alikuwa ameshika ungo wa mchele, akauweka chini taratibu.

"Kwa hiyo na mimi, dada?"

"Na wewe nini?"

"Baba si ni mmoja."

Jamani. Sikuwa nimefika huko. Katika furaha ya kumkamata shangazi nilikuwa nimemkamata na yeye, mtoto wa mkeka mmoja, aliyesuka nywele ili aolewe. Nikakaa chini kwenye mabua.

"Si lazima," nikasema. "Daktari alisema si lazima. Huenda baba hakukupa chochote. Huenda hata mimi hakunipa. Lakini huwezi kukaa bila kujua."

"Ukiwaambia leo naachwa leo."

"Sisemi. Basi, nimekula kiapo, sisemi. Mama atabaki kwangu. Wewe olewa."

 Huko uani mama mkubwa wa kijana alikuwa anasifu maji. Mdogo wangu akafungua kifungo cha juu. "Nionyeshe ulivyolipata lako."

Nikamwonyesha. Vidole vitatu, kwa tumbo la vidole, siyo ncha. Zunguka pole pole, kutoka nje kuja ndani, kisha kwapani. Kila mwezi, ukimaliza siku zako. Alirudia mara tatu, kwa makini kama mtu anayejifunza kushona. Hakukuwa na kitu. Akafunga kifungo, akapuliza makapi kwenye mchele, tukarudi kupika.

Chakula kikaiva. Yeye ndiye aliyepeleka, kama ilivyo desturi, ili wamtazame anavyotembea na anavyopiga magoti. Mimi nikabaki na sufuria. Nikasikia yule mama mkubwa anauliza, akiwa na tonge mkononi:

"Mchuzi huu kapika nani? Yule aliyeko ndani ni nani wenu?"

"Ah, ni jirani tu," akasema shangazi.

Mdogo wangu alikuwa bado amepiga magoti. Akasema, kwa heshima kabisa, macho chini:

"Si jirani, mama. Ni dada yangu. Baba mmoja."

Kuku akapita katikati.

"Mbona hatukuambiwa?"

"Kwa sababu amekatwa titi."

Shangazi alipasuka. "Wa mama mwingine huyo! Mama yao Mkerewe, ugonjwa wao wa kisiwani! Binti yangu huyu hana damu hiyo, hana hata tone!"

Nilikuwa nimekula kiapo. Lakini yule niliyemwapia kiapo hicho alikuwa amekwisha kukivunja, na sasa alikuwa amenigeuzia uso mlangoni, ananingoja. Nikatoka.

"Shangazi," nikasema, "mkanda wako umetoka begani. Huo wenye uzi wa kijani. Nisamehe, uzi mweupe ulikuwa umeniishia."

Nilidhani atanipiga. Alisimama na lile birika, mrefu, mkavu, shingo imekaza mishipa. Halafu akaketi. Akaingiza mkono shingoni mwa gauni, akatoa mfuko wangu wa mtama, akauweka juu ya mkeka kati ya wali na mchuzi.

"Haya," akasema. "Uchunguzi wenu umekwisha. Tazameni."

Hakuna aliyegusa chakula. Nilimtazama mdogo wangu. Nikajua tumempoteza mpimaji mizani.

Yule wa meno mazuri, ambaye tangu asubuhi hakusema neno, alinyoosha mkono akauchukua mfuko. Akaupima kiganjani, juu, chini, kama anapima yai.

"Umetia mtama?"

"Mtama mwekundu," nikasema. "Nimeukaanga kwanza."

"Haunuki jua likiwaka?"

"Unabadilisha kila mwezi."

"Unaweza kushona mdogo kuliko huu?"

Mama mkubwa wa kijana akamkanyaga mguu, niliona kabisa. "We! Nyamaza."

"Ninyamaze nini? Mama wa kijana si anaweka soksi kifuani?"

"Nimesema nyamaza!"

"Soksi za shule, dada. Za mtoto. Kanisani juzi moja imedondoka."

Aliyeanza kucheka ni shangazi. Sijui kama kilikuwa kicheko, kilitoka kama mtu aliyepaliwa. Halafu yule mama mkubwa naye akashika mdomo, mabega yakamcheza, na machozi yakamtoka. "Tukichunguza namna hii," akasema, "kijana wetu ataoa mbuzi."

"Na mbuzi naye mtauliza ukoo wake," nikasema.

Wakala. Walikula wakamaliza, wakaomba na ya kupeleka. Kipimo cha mama wa kijana wakanipa pale pale, kwa kipande cha kamba iliyokuwa imefungia kuku. Waliporudi baada ya wiki mbili, walileta ng'ombe.

Jioni ile nilimsaidia shangazi kuosha vyombo. Nilingoja aseme. Nikamuuliza mwenyewe, "Kwa nini ulimsingizia mama?"

"Nilitaka binti aolewe."

"Na mama?"

"Mama yako ana wewe."

Ndiyo hivyo. Neno la kuomba radhi halikutoka. Alifariki baada ya misimu miwili ya pamba, ugonjwa ulikuwa umerudi mgongoni, na hakutaka kwenda hospitali kwa sababu angeonekana. Nilikwenda msibani nikapika. Mama alikataa kurudi Magu, alisema amezoea kelele za Mkuyuni. Yule binti daktari ananiambia, "Mama, ugonjwa huu hauna mkosaji, uache kinyongo." Nimemwelewa. Ugonjwa hauna mkosaji. Kumfukuza mama yangu kuna mkosaji, naye nimemtaja.

Mdogo wangu alizaa watoto watatu kwa mpimaji mizani. Kila mwezi vidole vitatu, hakukosa, mumewe alikuwa anamtania kwamba anajihesabu asije akaibiwa. Kisha asubuhi moja nilikuwa napanga meza, belo jipya limefunguliwa, wanawake wamejaa, nikamwona anakuja kutoka kituoni bila mzigo, bila mtoto. Hakusalimia mtu. Akaushika mkono wangu akauingiza kwapani mwake, hapo hapo mbele ya wateja.

"Hapa, dada."

Nikatafuta. Nikapita juu yake, nikarudi. Kidogo, kidogo sana, kama punje ya dengu, kinateleza chini ya kidole.

"Umekiona lini?"

"Juzi nikioga. Mwezi uliopita hakikuwepo. Nakuapia hakikuwepo."

Donge kama punje ya dengu! Langu lilikuwa limeingia ndani kama embe, na la shangazi lilikuwa limefika mgongoni. Nilianza kucheka. Nikamkumbatia, nikapiga kelele, yeye analia na mimi nacheka, na muuza maharage akauliza kama nimechanganyikiwa. "Ni dogo!" nikamwambia. "Hulioni? Ni dogo!" Nikamwachia meza yote na belo lote, mama yule aliyesema zimevuliwa maiti, nikamwambia uza utakavyo. Tukashika njia ya hospitali, kilimani, tukiwa mbio, mdogo wangu mbele.